Tuli, Tuuli, Tulli

Siku ya kuwashiwa kifaa, Oulu, mwezi wa pili,
theluji imeziba nusu ya dirisha la kliniki.
Fundi wa masikio ananiuliza jambo.
Naona midomo. Kinachofika
ni sarafu zikimwagwa kwenye sinia la bati.

Miaka tisa nilikuwa kimya.
Kiwanda cha karatasi kilinila kidogo kidogo:
kwanza ndege, kisha simu,
kisha sauti ya Hilkka, mke wangu,
aliyekufa akiniandikia nyuma ya bahasha.
Sasa wamenitia uzi ndani ya konokono wa sikio,
vituo ishirini na viwili, na umeme unaruka
kituo hadi kituo ukijidai ni neno.

Wote wana sauti moja:
daktari, mtangazaji wa habari, binti yangu,
bata wa plastiki bafuni.

Aliyenifunza ni Pihla, mjukuu, miaka sita.
Yeye alizaliwa bila, akawekewa kabla hajasimama dede.
Anaficha mdomo kwa kitambaa
kilichowambwa kwenye duara la mti kama ngoma.
*Tuli*, anasema. Moto.
*Tuuli*. Upepo.
*Tulli*. Forodha.
Najibu: forodha. Forodha. Forodha.
Anacheka, debe likiporomoka ngazini.

Nikamwambia, kicheko chako kinalia kama debe.
Akanikodolea: kwani kicheko hulia vipi?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kumbukumbu tu,
na kumbukumbu haina pa kuchomeka waya.

Aprili, barafu ya mto ikianza kuachana,
nikaupata urefu wa neno kabla ya sura yake,
kama mtu apapasaye ngazi gizani
akajua kwa unyayo ipi fupi, ipi pana.
Mawili kwa matatu. Pihla akanipa zabibu kavu.
Mkahawani bado vijiko vinameza watu.
Muziki, usiniulize.

Usiku anavua chake,
anakilaza kwenye kisanduku cha kukaushia; nami changu, ubavuni.
Nyumba inakaa tuli, ile tuli isiyo moto.
Pazia linatikisika.
Pihla anainua mikono, viganja vinapepea kuelekea kwangu:
lipi kati ya yale matatu?
Najibu kwa mikono,
mara ya kwanza, bila kubahatisha.