Nusu ya Uhai

Mkurugenzi anataka jedwali ifikapo Ijumaa:
kila makala, imetajwa na wengine miaka mingapi
kabla haijanyamaziwa.
Majarida yaliyokufa, anasema, tusiyalipie.

Nimekaa Chake Chake, chumba cha nyuma,
feni inafunua kurasa kabla yangu.
Kanuni yenyewe nyepesi: jumlisha marejeleo yote,
tafuta mwaka unaoikata jumla katikati,
hapo andika nusu ya uhai.
Utabibu hufa mapema.
Historia hukawia, kama wali wa kuni mbichi.

Nikafika kwa Shaame Kombo Faki,
“Chumvi katika Visima vya Shumba,” 1988,
kurasa tisa, majedwali mawili, ramani ya mkono.
Mwaka wa kwanza, kimya.
Wa pili, mmoja: yeye mwenyewe.
Wa tano, wanne kwa mpigo,
nikashangilia peke yangu kama niko uwanjani.
Halafu mmoja. Halafu mmoja. Halafu
2009, mtu wa mbali aliyesoma muhtasari tu
akaandika Shimba badala ya Shumba,
na wawili waliomfuata wakanakili Shimba vilevile.
Hata kosa lina wajukuu.

Miaka saba na miezi minne.
Kalamu ikagoma, nikaitikisa, nikaandika.

Jumamosi nilikuwa Shumba, arobaini ya shangazi.
Kiu ikanishika, nikakiendea kisima cha karibu.
Mtoto mwenye ndoo ya njano akaniwahi:
“Hicho leo bamvua, hakinyweki.
Chota kile cha mkwajuni.”
Nani kakwambia?
Akanitazama
kama nimemuuliza nani kamwambia moto unaunguza.

Usiku ndipo nikaukumbuka ukurasa wa tisa,
tanbihi ya chini, herufi ndogo kama chawa:
“Kwa maelezo ya Bi Mize binti Hamad, mwenye kisima.”
Hiyo sikuihesabu.
Kanuni haina safu ya mdomo.
Na Shaame, Mungu amrehemu, chupa zake na mizani yake,
alikuwa naye ananukuu tu.

Ijumaa jedwali limekwenda.
Saba na minne sikuigusa, hesabu ni hesabu.
Ila kwenye safu ya “mara ya mwisho kutajwa”
nimeufuta mwaka, nikaandika:
Jumamosi iliyopita, Shumba,
mtoto, ndoo ya njano.

Mkurugenzi ataniuliza ukurasa.