Hesabu za Mbalamwezi

Dagaa hawajui tarehe ya mshahara.
Wanajua taa.
Usiku wa giza huifuata karabai
kama watoto wanavyofuata ngoma ya harusi;
mwezi ukijaa juu ya Saanane, ziwa zima ni taa,
basi hutawanyika,
na pale Mwaloni Kirumba hubaki magunia matupu
na wanaume wanaokunywa chai ya mkopo.

Hivyo mwezi, kwetu, una siku ishirini za kula
na kumi za kuumbuka.
Shule haikunifundisha hesabu hiyo.
Nilifundishwa na Mangi wa dukani,
aliyeandika jina langu, Nyanjige, kwa kalamu nyekundu
na kulisoma kwa sauti mbele ya wateja.

Kesho yake nikanunua kaunta buku, kwaya mbili.
Ukurasa wa kwanza upo hadi leo, una doa la mafuta:
faida ya debe, elfu nne.
Elfu moja itoke kwanza,
kabla ya unga, kabla ya sabuni,
kabla ya shemeji ambaye misiba yake haiishi.
Nilikuwa nimejaribu kuweka kilichobaki.
Kilichobaki hakijawahi kubaki.

Wakanisema. Mkono wa Nyanjige, walisema,
mgumu kama mawe ya Mabatini.
Sawa.
Hayo mawe si ndiyo yamebeba nyumba za watu?

Ukurasa wa thelathini na moja nimeuchana. Usiniulize.

Ikaja chanja: miti, wavu mkuukuu, misumari nusu kilo.
Wenzangu walianika chini, wakauza dagaa na mchanga wao;
wangu walikauka juu, wakang'aa kama sindano.
Tofauti, mia tatu kwa kilo.
Mia tatu! Nani huringa kwa mia tatu?
Mimi. Niliringa nayo miaka sita.

Alhamisi, kikoba. Sanduku la chuma, kufuli tatu,
ufunguo mmoja kwangu, mmoja kwa Kagemulo,
wa tatu kwa Nyangeta,
na sisi watatu hatukupendana sana,
ndiyo maana sanduku lilikuwa salama.

Halafu kiwanja Buhongwa, wakati huo pori na majabali.
Wapangaji wangu wa kwanza walikuwa pimbi.
Walikaa miaka minne bila kulipa kodi
nami sikuwafukuza:
wao wakiota jua, bei ya ardhi inapanda.

Haya, ule ukurasa.
Alikuja kijana wa viatu vya ncha,
ofisi Nyamanoro, kapeti jipya.
Weka laki, chukua tatu, siku arobaini.
Niliweka laki sita.
Siku ya arobaini hata kapeti halikuwepo.
Siku za mwizi ni arobaini, husema watu.
Zile zilikuwa arobaini zangu.

Tangu hapo, ahadi ikikimbia, mimi natembea.
Nilipokwenda benki kuulizia hatifungani
binti wa dirishani aliitazama kanga yangu
yenye harufu ya ziwa,
akasema taratibu, kama anayempa mgonjwa habari:
Mama, hii ni miaka ishirini.
Nikamwambia, niandikie, mwanangu.
Mimi nimeshawasubiri pimbi.

Sasa kila miezi sita huingia kitu,
si kikubwa. Hakinuki, hakiozi,
hakiliwi na paka.

Leo mwezi umejaa. Mwaloni ni kimya.
Niko kibarazani Buhongwa, nyuma yangu lile jabali,
na Limi, binti yangu, anaupiga picha kwa simu.
Mama, anasema, hebu uone ulivyo mzuri.

Naam.
Miaka yote hiyo
niliuona kama deni.