Bila Kalamu Nyekundu

Alhamisi ya mwisho. Ripoti zimeshapigwa mihuri,
madawati yamebebanishwa ukutani, miguu juu,
na uwanjani hapana hata kunguru.
Ibra ya Juni: chuma cha geti hakishikiki,
unakifungua kwa ncha ya shela.

Zuwena wa maktaba kaburura boksi la karatasi za fotokopi
mpaka katikati ya chumba cha walimu, kalipindua.
Vitabu vikamwagika kama kandambili mlangoni pa arusi.
"Kila mtu kimoja," kasema. "Cha kujifurahisha.
Na kalamu nyekundu mniachie hapa, kwenye bilauri."

Tukacheka. Kisha tukanyamaza,
maana hakuna aliyekuwa na uhakika
kujifurahisha huanzia ukurasa wa ngapi.

Ghaniya wa kemia alivipima mkononi
kama apimaye tikiti, akachukua kinene kuliko vyote:
"Hiki kitanimalizia Julai." Riwaya ya mapenzi.
Akakifunika kwa daftari la mahudhurio.

Madamu Inas, ambaye kesho anaruka kwenda kwao Tanta,
ana kilo thelathini tu, na kumi na mbili ni halua.
Alichagua mashairi, kwa kuwa mashairi ni mepesi.
"Mepesi kwenye mizani!" akaongeza haraka,
alipoona mwalimu wa fasihi kainua nyusi.

Mwalimu mkuu, Bi Rayya, alishika cha upelelezi,
akasoma ukurasa wa mwisho kwanza, amesimama,
akakirudisha. "Namjua muuaji."
Akachukua kingine, akafanya vilevile.
Miaka ishirini na sita ya kusimamia mitihani:
hawezi kuketi na swali
bila jibu lake kwenye bahasha.

Mimi ni wa hesabu. Sikumbuki
lini nilisoma kitu nisikitilie alama.
Hata maelezo ya dawa ya kikohozi nayasahihisha.
Nilinyoosha mkono kwenye kitabu cha nyota na sayari,
na chini yake kikatokeza kidogo, hakina jalada,
karatasi zake rangi ya chai ya maziwa,
na neno la kwanza kunitazama
lilikuwa Hodi.

Hodi! Kwa Kiswahili.
Lugha ambayo kwetu ni ya jikoni,
ya kugombezwa, ya kuulizwa umekula,
ya siri za wakubwa wakidhani tumelala.
Nimeisikia maisha yangu yote
sijapata kuiona sura.
Nikakitia mkobani kama mwizi.

Sasa ni Julai. Mama kajinyoosha mkekani chini ya kiyoyozi,
sahani ya tende mbichi ubavuni, kokwa kazipanga mstari.
Nasoma kwa sauti. Ki-li-cho-m-pa-ta.
Kidole chini ya neno, mimi,
niliyewakataza wasichana wa darasa la tano vidole.
Nasema "ngombe." Mama, macho kafumba:
"Ng'ombe. Huyo anatokea puani. Rudia."
Narudia. Ng'ombe anatokea.

Aliletwa huku na miaka tisa, hajui kusoma,
hajawahi kuiona lugha yake imelala kwenye karatasi.
Juzi kanyoosha mkono, kapapasa ukurasa
kama apapasaye kitambaa dukani, kauliza:
"Hapa ndipo palipoandikwa analia?"
Nikamshika kidole, nikakipeleka mstari wa chini yake.

Jana umeme ulikatika, mjane wa hadithi
kasimama kizingitini, hajui aingie au arudi.
Nikafunga kitabu, nikatafuta pepeo.
"Endelea," kasema Mama. "Joto tutalisikia baadaye."

Bi Rayya kapiga simu: "Chako kinaishaje?"
Nimeshageuza kurasa, hesabu hainitoki:
zimebaki arobaini na moja,
na za mwisho kabisa zimechanwa.
Nikamwambia sijui. Na wewe hutojua.
Akaguna, akakata.

Nyuma yangu Mama, kokwa mdomoni,
tayari anamtafutia mjane mume,
na aliyemtafutia simpendi hata kidogo.