Kamba ya Spana

Saa moja kasorobo, Tanga bado inapiga mswaki.
Mama Sechonge kamwaga dawa sakafuni, anatuamuru tupite pembeni,
nasi tunapita pembeni, hata daktari bingwa,
maana sakafu ni yake mpaka ikauke.

Ndipo tunahesabu.
Adrenalini: kumi. Jana zilikuwa kumi na mbili,
mbili zimeandikwa kwa mwandiko wa Kopwe, unaoinama
kama mtu aliyekesha.
Kanula za kijani, za waridi, na zile za njano za watoto wachanga
ambazo huisha kwanza na kuletwa mwisho.
Mfuko wa kupulizia hewa: naubana, unajaa tena kiganjani
kama andazi kwenye mafuta.
Taa ya kutazamia koo: washa, zima. Washa tena.
Usiiamini kwa mara moja.

Wewe mgeni, Nasra, jana uliniuliza
mbona tunahesabu hata vitu ambavyo usiku hakuna aliyevigusa.
Nilikuwa na kalamu mdomoni, sikukujibu.

Njoo huku kwenye mtungi.
Unaiona hii spana? Unaiona kamba yake?
Si ya dukani. Ni mkonge wa Pongwe,
aliusokota mhudumu Shekivuli juu ya paja lake
wiki ile.

Wiki ile, na nitasema mara moja tu,
aliletwa fundi baiskeli wa Makorora, kifua kimembana,
midomo rangi ya zambarau.
Mtungi ulijaa. Barakoa ilikuwa safi. Sote tulikuwepo,
tena hodari, tena wenye vyeti.
Spana haikuwepo.
Mtu aliiazima akakazie kitanda cha wodi namba tatu,
akasema nairudisha sasa hivi.
Tukatafuta. Huyu droo, huyu mfuko wa mwenzake,
Shekivuli akajaribu kwa meno.
Dakika nne, Nasra.
Mkewe alisimama mlangoni kashika kandambili za mumewe,
akarudi nazo vilevile, mkononi.

Kikaoni hatukuulizana ni nani.
Matroni Mwanamvita alisema, tutaulizana ni wapi.
Wahenga wana lao kuhusu kamba na pembamba.
Sisi tulikuwa wanene kila mahali ila hapo,
na hapo palitosha.

Tangu siku hiyo Shekivuli huivuta mara tatu kila asubuhi,
husema kwa sauti, "Ipo,"
na aliye karibu sharti aitike, "Nimeiona."
Hata akiwa daktari. Hata akiwa na chai mdomoni.
Wanafunzi hucheka siku ya kwanza.
Ulicheka.

Sasa sikiliza: honi, moja, ndefu, haikatiki.
Bodaboda ya Kange, mama nyuma, katikati binti mwenye sare ya shule,
anavuta hewa kama mtu avutaye kamba kisimani
na ndoo haiji.
Mama Sechonge anatupa dekio, anatandika maboksi juu ya maji,
leo tupite katikati.
Kopwe, aliyekwisha vaa helmeti aende zake Duga,
anaingia nayo kichwani.
Hakuna anayepiga kelele. Mtu anasema, "Uzito?"
mtu anasema, "Ishirini na nane,"
mkono wangu unafika kwenye droo na droo imeshafunguliwa.
Na kule kwenye mtungi
nasikia, "Ipo,"
na sauti nyembamba, bado siijui vizuri, inaitika, "Nimeiona,"
kisha ule mluzi mdogo wa hewa.

Saa mbili na nusu binti anauliza
daftari lake la hisabati liko wapi.

Adrenalini: tisa.
Andika, Nasra, na mwandiko usomeke.
Kopwe, vua hiyo helmeti
au nenda nyumbani.