Lyska

Baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, Januari, Myrnam.
Katika ofisi ya mizani, ubavuni mwa ghala la nafaka,
Darka Melnychuk amevua glavu moja tu.
Mkono uliovaa umeshika kikombe.
Mkono mtupu unabonyeza kibodi, kidole kimoja kimoja.

Mashine yenyewe iko chini ya meza,
vumbi la ngano limeiziba pua.
Diski inakereza, krr, krr,
kama panya aliyepata ukoko.
Miaka kumi na mmoja imehesabu malori:
uzito wa kuingia, uzito wa kutoka,
jina la mkulima, unyevu wa punje.
Haijadai leseni, haijadai ada ya mwaka.
Waliouandika mfumo wake hawamjui Darka;
waliuandika usiku, huko kwao, kila mtu na usingizi wake,
wakauacha mlangoni wazi
kama mtungi wenye kata, anayepita anywe.

Ostap Fedoruk ndiye aliyeiweka.
Ostap alizikwa Oktoba, kabla ardhi haijaganda.
Ameacha daftari la jalada la buluu na mwandiko wa kuku:
*Hatua ya tatu. Usiogope skrini nyeusi. Nyeusi si mbovu.*
*Hatua ya sita. Soma mwongozo.*
*Hatua ya saba. Ulidhani umeusoma. Rudi.*
*Kiini kwanza, ganda baadaye, kama punje.
Hilo Darka unalijua kuliko mimi.*

Alijua, basi, nani angelishika daftari.

Flashi imechomekwa. Herufi nyeupe zinashuka.
*Mashine hii iitwe nani?*
Daftarini, hapo, pametupu.
Darka anaandika: lyska.
Jina lile lile la zamani; jina la ng'ombe wa Ostap,
mwenye baka usoni, aliyekamuliwa hadi uzeeni
na hakuwahi kumpiga mtu teke.

Kisha:
*Diski yote itafutwa. Una uhakika?*

Kidole kinasimama hewani.

Kwa maana humo, Septemba ya mwaka juzi, upo mstari huu:
Melnychuk, W. Ngano. Tani kumi na moja nukta mbili. Saa kumi na nusu.
Shehena ya mwisho ya Wasyl. Kulipokucha hakuamka.
Faili haikulia. Iliandika, ikashuka mstari,
ikamngoja Sawchuk na shayiri yake.

Nakala zipo, anajua. Moja kwenye diski ya pembeni,
moja ndani ya kopo la biskuti nyumbani.
Amelinganisha jumla zake tarakimu kwa tarakimu, mara mbili.
Hata hivyo.

Nje honi inalia. Elias Wipf, lori limejaa kanola,
ndevu zimeota barafu.
Darka anatoka na penseli. Anasoma mizani kwa jicho,
anaandika nyuma ya bahasha,
wanazungumza kidogo kuhusu betri na binamu.
Lori linaondoka likiguguma.

Anarudi. Hata hakai kitini.
N, d, i, y, o.

Dakika ishirini baadaye mashine inajiwasha upya.
Pepo wanaamka mmoja mmoja: wa saa, wa barua, wa kumbukumbu.
Ndivyo Ostap alivyowaita watumishi wale wasioonekana,
na padri alimkemea kwa hilo jikoni kwa watu.
Nenosiri la mzizi. Tena nenosiri la mzizi.
Anaingiza nakala, anatafuta M.
Tani kumi na moja nukta mbili.
Anapuliza chai ambayo imekwisha kupoa.

Mei, mbegu zikishazikwa, na Novemba, ghala likishafungwa,
atasasisha; ndivyo daftari lisemavyo,
na hatua zake zinaishia ishirini na moja.
Darka anaandika ya ishirini na mbili kwa wino wake:
*Kabla ya kufuta, mpime kwanza aliye mlangoni.*

Printa haijibu.
Anaipiga kofi dogo, anaikodolea macho.
Printa ni ya kesho.