Mkono Mfupi wa Shekatani

Umeniuliza, Faraji, na kalamu umeiweka tayari,
Shekatani alikuwa na sauti gani.
Kunywa chai kwanza.

Swali hilo halijawahi kuingia Ngamiani.
Tulimshona uani, mimi na Bi Mwanjaa, Barabara ya Kumi na Tano,
kwa katani iliyokataliwa na mashine ya kamba.
Tumbo tukalijaza sufi; macho, vifungo vya kaki
vya magwanda ya mgambo waliostaafu.
Jicho la kulia lilikaa juu kidogo. Ndivyo nilivyokuwa naona.
Ilikuwa miaka ya foleni ya sukari.
Mtoto akipata shilingi mbili za Idi
alikwenda dukani kwa Kanji, akarudi na ndugu.

Sasa nasoma karatasi zako.
Ukurasa wa nne, Shekatani anazaliwa katika Mapango ya Amboni,
radi inampiga, anapata nguvu.
Ukurasa wa thelathini anaruka juu ya bandari
kupigana na jitu la chuma linalotaka kuumeza mji.
Na ule mkono wa kushoto, mfupi,
umeandika aliupoteza vitani, akimwokoa mama yake.

Mwanangu,
mkono ulikuwa mfupi kwa sababu ya Ijumaa.
Katani ililetwa Jumatatu; ikifika Ijumaa imebaki ya kiganja.
Bi Mwanjaa akasema, "Wa Jumatatu wasiwaringie wa Ijumaa,"
akawapunguza wote.
Hiyo ndiyo vita. Iandike ukitaka.

Hakuokoa mtu yule.
Alilazwa ubavuni pako ukiwa na homa,
akanuka kamba mpaka jasho likakutoka.
Alichapwa fimbo badala ya mwalimu.
Alirushwa juu ya bati, akanyeshewa,
akashuka ameota kuvu, akapendwa vilevile.
Mji huu, wanasema, waja leo waondoka leo;
yeye alikuja akakaa.

Unasema watoto wa sasa hawakai na kitu kimya.
Unasema kompyuta huko Dar inamsuka unywele mmoja mmoja,
na mwenye sauti amekwishalipwa nusu,
sauti nzito, ya redio.
Sikatai. Filamu ni chungu kikubwa,
hakichemki kwa kijinga kimoja cha moto.
Lakini wako wewe, nikakuuliza,
yule uliyelala naye, alisemaje?

Ukacheka. Ukatazama mlango.
Kisha ukabana pua, kikatoka kijisauti chembamba, cha ukali:
"Nani kamwaga maji hapa? Nauliza, nani?"
Na mimi nikamsikia shangazi yako Mwanakheri,
muuza kachori,
tuliyemzika mwaka wa mvua kubwa,
amekaa mkekani kwangu, viatu amevua.

Chai yako ikapoa.
Uliandika kitu, ukakifuta.

Tulishona elfu moja na mia tatu na ushei.
Hesabu mwenyewe ni shangazi wangapi,
kaka wangapi waliokwenda wasirudi,
makondakta, masheikhe, bibi wenye vikohozi.
Hao wote huwezi kuwalipa.
Basi mpe yule wa redio maneno yake,
aruke, apigane, ashinde,
ila mahali fulani, vita ikiisha, mkalishe juu ya bati
mvua inyeshe, asiseme kitu.
Dakika moja tu.
Ukumbini hawatakuwa watoto peke yao.

Mfano ulioagiza nimeushona jana, uko kwenye kikapu pale.
Safari hii katani ilikuwa tele, ya kumwaga.
Mkono nimeukata mwenyewe.