Vipimo vya Kanali Recalde

Nilimpima mara tano, na daftari ninalo bado.

Mara ya kwanza: kiuno sentimita sabini na mbili,
shingo kama ya jogoo mchanga.
Luteni Anastasio Recalde, mzaliwa wa hapa Concepción,
mama yake kasimama mlangoni mwa duka langu
akihesabu pesa za kitambaa, nazo hazikutosha.
Nikamwambia, utamalizia akirudi.
Mama akanitazama kwa lile neno.

Meli ikawavusha mto, ikawamwaga Chaco,
nchi ya miiba na vumbi jeupe
na miti migumu ivunjayo shoka.
Husemwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Wale walivua mashati, wakavua viatu,
na maji hayakuwepo.

Mara ya pili: sitini na tano.
Nikadhani utepe unanidanganya, nikapima tena.
Alikuwa kapteni sasa, na nishani ya shaba,
na alikunywa jagi langu zima bila kupumua,
akaomba radhi,
akaomba jingine.
Gazeti lilisema alishika kisima siku kumi na moja
kwa watu arobaini. Lilichapa picha.
Gazeti halikusema ndani ya kisima mlikuwa na nini.
"Nitilie mfuko kwenye bitana," akaniambia,
"kushoto, mdogo, wa kutosha hiki."
Kizibo cha chupa ya maji ya askari,
kimetafunwa pande zote kama mfupa wa mbwa.
Cha nani? "Cha Ceferino Ovelar."
Nikashona. Mshonaji akiuliza sana hukosa wateja.

Mara ya tatu sitaisahau: alikuja usiku, meja,
mwaka ndugu walipoelekezeana bunduki mtaani kwetu.
Sikumpima kitu. Alivua koti, akaliweka juu ya cherehani,
akasema, "Toa vyeo. Vyote. Wameniamuru nipige soko."
Nilifumua kwa wembe, uzi kwa uzi,
yeye akishika taa,
mkono wake haukutikisika hata kidogo,
wangu ndio uliotikisika.
Ndiyo maana kuna mkato pale kwenye bega la kulia.
Wengi waliuona baadaye, wakadhani ni risasi.
Hakuwahi kuwasahihisha, nami pia.

Akalima mihogo miaka sita.

Wakamrudisha, serikali ikiwa imebadilika au imechoka.
Mara ya nne: tisini na nane, kanali, nishani saba,
tumbo la mtu wa karamu na hotuba.
Siku hiyo, pini zikiwa mdomoni mwangu nisiweze kujibu,
alisema akitazama dirishani:
"Niliamuru maji wapewe wanaoweza kushika bunduki.
Ovelar alikuwa na homa. Hakuweza.
Alitafuna kizibo siku mbili.
Kisima tulikishika, Hermelinda.
Nishani ya kwanza ndiyo hiyo."
Nikatoa pini moja. Nikaichomeka kwenye pindo.
Kila mfuko wa siri kwenye kila koti jipya
nilikuwa nimeuhamisha mimi, bila kuambiwa.

Mara ya tano alikuwa amelala.
Binti yake, Zunilda, aliniletea koti na sanduku la nishani,
akataka zote saba, kwa mpangilio, na zing'ae.
Koti lilimpwaya, nikapunguza nyuma, mahali pasipoonekana.
"Na hiki kimfuko ni cha nini?" akauliza.
"Kinavimbisha kifua. Kizibe, koti lilale vizuri."
Nikasema ndiyo.

Usiku nilikitoa kizibo,
nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya kisimani kwangu,
nikakiacha kinywe mpaka jogoo wa kwanza.
Kilikuwa chepesi mno, kilielea, kikakataa kuzama,
nikakikandamiza kwa kidole, muda mrefu.
Alfajiri nikakirudisha mahali pake,
nikashona mdomo wa mfuko kwa mishono midogo kabisa.

Bitana ililowa kidogo, kushoto.
Bendi ilipopiga, jenerali alipoinama kusoma majina ya nishani,
hakuna aliyeona.